Sentensi za Kingereza: hesabu vitenzi, halafu hesabu viungo

Watu wengi hapa Mombasa Kingereza cha maneno wanacho. Mtu anasikiza mpira dakika tisini unatangazwa kwa Kingereza na hakuna kinachompita, anapiga stori na watalii pale nje ya Fort Jesus mpaka wanacheka, lakini mpe karatasi umwambie aandike mistari kumi ya kuomba kazi, hapo ndo mambo yanageuka. Maneno yako sawa, spelingi iko sawa, na bado msomaji akifika katikati hajui nani kafanya nini na ile habari ya mwanzo imeishia wapi.

Mimi siamini shida ni msamiati. Shida ni kwamba skuli tulipewa majina, sentensi sahili, ambatano, changamano, tukayakariri kwa Kiswahili na kwa Kingereza, tukayajibu kwa mtihani, basi. Hakuna aliyekaa na sisi kutuonyesha ni kitu gani hasa kinaifanya hii iwe sahili na ile iwe changamano, na wengi wakaondoka wakidhani ni urefu, yani fupi ni sahili na ndefu ni changamano. Si urefu kabisa. "He left because she came" ni maneno matano na ni changamano. "The tall old man with the black bag from the hotel near the bridge waited quietly for two hours in the hot sun" imejaa mpaka pomoni na bado ni sahili, manake kitenzi chenye wakati humo ndani ni kimoja tu, "waited".

Hapo kwenye kitenzi ndo pa kukazana. Lakini kabla hatujaanza kuhesabu vitenzi vyao tuangalie kwanza vyetu, sababu makosa mengi tunayofanya kwa Kingereza si ujinga, ni Kiswahili kizuri kimevaa nguo za Kizungu.

Ukisema "nimemuona" umemaliza. Hilo ni neno moja na ni sentensi kamili, mna mtendaji, mna wakati, mna mtendwa, mna kitendo chenyewe. Mwingereza kusema hilohilo lazima atoe maneno manne, "I have seen him", kila kipande ambacho sisi tumekibandika ndani ya kitenzi yeye amekitoa nje akakiweka peke yake. Sasa ukishavitoa vipande nje, nini kitakuambia nani kafanya na nani kafanyiwa? Ni mpangilio tu. Sisi twaweza kusema "chai nimeinywa" au "nimeinywa chai" na hakuna anayepotea, manake ile i- ya ndani yasema wazi ni chai ndo iliyonywewa. Kingereza hakina i- hiyo. "The dog bit the man" na "the man bit the dog" maneno ni yaleyale matano, kilichobadilika ni nani amekaa mbele ya kitenzi na nani amekaa nyuma, na habari imepinduka kabisa.

Zamani hakikuwa hivyo. Kingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na vimalizio kwenye nomino vya kuonyesha mtendaji na mtendwa, kwa hivyo maneno yaliweza kuhamahama kiasi. Vimalizio vikalika pole pole, na wanaisimu wengi hutaja kuchanganyika na Waviking waliohamia kule kama sababu moja kubwa, halafu Wanormani wakaiteka Uingereza mwaka 1066 na kwa muda mrefu mambo ya serikali yakawa yaendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini, Kingereza kikabaki cha majumbani na sokoni. Kufikia miaka ya 1500 vimalizio vingi vilikuwa vimekwisha na mpangilio umeganda: mtendaji, kitenzi, mtendwa. Mabaki yake ndo haya ya "he" na "him", "I" na "me", "who" na "whom".

Kwa sababu nafasi ya mbele ndo yenye kazi yote, haiwezi kukaa wazi. Hili lawapiga chenga wengi. Sisi twasema "joto leo", twasema "kumekucha", twasema "nyumbani kumejaa wageni", na hakuna anayeuliza ni nani huyo aliyekucha. Kingereza hakikubali, ile nafasi lazima ijazwe hata kwa neno lisilo na maana yoyote. "It is hot today." "It is late." "There are many people at the ferry." Hiyo "it" si kitu, usiitafute. Kijana mmoja alishawahi kuniuliza, "Sasa ami, hiyo it ni nani?" Nikamwambia si mtu, ni kiti tu kimewekwa mtu asiseme hapana mtu. Wanaoruhusiwa kuiacha wazi ni wenye kuamrisha peke yao, "Sit down", "Wait here", sababu anayeamrishwa yuko mbele yako na anajijua.

Na ile tabia yetu tamu ya kumtaja mtu kwanza halafu ndo tuanze habari, "huyu mama, mwanawe yuko Dubai", ukiihamisha nzimanzima wapata "This woman, her son is in Dubai". Kwa mdomo itapita, hata wao wenyewe husema hivyo wakiwa wanabarizi. Kwa maandishi ya ofisini andika "This woman's son is in Dubai" na ulale usingizi.

Ukishajua nafasi ya mbele na kitenzi, kinachofuata baada ya kitenzi chategemea kitenzi chenyewe. Vingine havitaki kitu, "The ferry stopped". Vingine vyataka mtendwa, "My aunt sells fish". Vingine vyataka wawili, "He gave me change". Kuna vile vinavyotaka mahali la sivyo vinaning'inia, mfano "put", huwezi kusema "I put the bag" ukanyamaza, mtu atakuuliza wapi. Wataalamu wa sarufi hutaja mipangilio saba hivi ya msingi na ukitaka uikariri sawa, lakini mimi naona aliyesoma sentensi nyingi za watu anaijua tayari bila kuhesabu.

Sasa twende kwenye kitenzi chenye wakati. Kukipata ni rahisi, chukua sentensi uihamishe kwenda jana, neno litakalobadilika sura ndilo hilo. "My aunt sells fish at Kongowea", jana inakuwa "sold", basi kitenzi ni "sells". "My aunt wants to sell fish", jana inakuwa "wanted to sell fish", "to sell" haikutikisika, kwa hivyo haihesabiwi, ni sawa na "kuuza" kwetu, kitenzi kisichobeba wakati. Kama kitenzi kimekuja na msafara, "has been waiting", anayebadilika ni wa mbele tu, "had been waiting", kwa hivyo msafara wote wahesabiwa kimoja. Na "can", "will", "may" nazo huingia kwenye hesabu, "can speak" jana ni "could speak".

Chukua na hii: "My aunt selling fish at Kongowea." Ihamishe kwenda jana. Haihamiki! Hakuna kinachobadilika, yani hakuna kitenzi chenye wakati, yani hiyo si sentensi, hata ukiipamba kwa herufi kubwa mwanzo na fulstopu mwisho. Hizi huziona sana kwenye matangazo ya simu na vikaratasi vya biashara. Kishazi ni pale palipo na kitenzi chenye wakati na mwenyewe wa hicho kitenzi. Kishazi kimoja, sentensi sahili. Viwili au zaidi, twahitaji kuviunga, na hapa ndo penye kiini cha makala hii yote.

Idadi ya viungo, yani maneno ya kuunga kama "and" na "because", ni idadi ya vishazi toa moja. Ukiwa na vishazi viwili wataka kiungo kimoja, vitatu wataka viwili, kama mabehewa ya treni ya Miritini, matatu yafungwa kwa viungo viwili, ukiweka kimoja moja litabaki nyuma na ukiweka vitatu hicho cha tatu hakina pa kushika.

Tuanze na upungufu. "The ferry was late, I missed the interview." Vitenzi viwili, "was" na "missed", kiungo hakuna. Koma si kiungo. Koma inaweza kusimama karibu na kiungo ikamsaidia lakini peke yake haina nguvu ya kushika vishazi viwili, ila tu pale unapoorodhesha vitu vitatu na kuendelea, "I woke up, prayed and took the ferry", hapo koma yashikilia nafasi ya "and". Sasa mbona kosa hili ni letu sana? Angalia tunavyosema wenyewe: "Feri ilichelewa, nikakosa intavyuu." Kiungo kiko wapi? Kimo ndani ya kitenzi, ni ile -ka-. Hiyo ndo inayosema jambo hili limefuata lile. Tukitafsiri kichwani twachukua "nikakosa" twaandika "I missed", na ile -ka- inaanguka njiani bila mtu kuisikia ikianguka. Vivyo hivyo -ki-, "ukifika nipigie", kiungo kimefichwa humo. Wao lazima wakitoe nje, "When you arrive, call me" au "If you arrive" kama hujui atafika au la, na Kiswahili hapo kimetuachia tuchague kwa muktadha.

Kwa hivyo sentensi ile yaponywa hivi: "The ferry was late, so I missed the interview." Au "The ferry was late. I missed the interview." Au "I missed the interview because the ferry was late." Kuna pia ile nukta-mkato, ";", ambayo yaruhusiwa kukaa kati ya vishazi viwili huru bila kiungo, lakini kama huna hakika nayo achana nayo, fulstopu haijawahi kumuaibisha mtu.

Sasa ziada. "Although the ferry was late, but I arrived on time." Hii nimeiona kwa watu wenye digrii. Vishazi viwili, viungo viwili, "although" na "but". Kwa Kiswahili ni sawasawa kabisa, "ingawa feri ilichelewa lakini nilifika", hata yapendeza sikioni. Kwa Kingereza chagua mmoja. Dada yake ni hii, "Because I was sick, that is why I did not come", yaani "kwa sababu nilikuwa mgonjwa ndio maana sikuja", toa "that is why" yote na sentensi itatembea.

Waona sasa? Makosa mawili ambayo mwalimu alikuwa akiyapiga mstari mwekundu kama vitu tofauti, huku "comma splice" na kule "double conjunction", ni hesabu ileile moja, mara imepungua mara imezidi.

Viungo vyenyewe viko vya aina mbili na hapa ndo majina ya skuli yanapata kazi. Kuna vile vinavyounganisha vishazi vikabaki sawa kwa sawa, kila kimoja chaweza kuhama nyumba akaishi peke yake: and, but, or, so, nor, yet, na "for" ya kizamani. Sentensi hiyo ni ambatano. Halafu kuna vile vinavyokifanya kishazi kimoja kimtegemee mwenzake: because, although, if, when, while, until, since, unless, before, after, that, who, which, where. Hiyo ni changamano. Ukisema "because the ferry was late" ukanyamaza, mtu atakutolea macho akingoja iliyobaki. Kishazi tegemezi kikija mbele weka koma baada yake, "Because the ferry was late, I walked". Kikija nyuma mara nyingi koma haihitajiki. Na wale mlioambiwa ni haramu kuanza sentensi na "because", si haramu, mwalimu alikuwa anajaribu kuwazuia msiandike kishazi tegemezi pekee mkaweka fulstopu, akaona rahisi kuipiga marufuku yote.

Angalizo: "however" na "therefore" si viungo. Zafanana na "but" na "so" kwa maana lakini hazishiki vishazi. "I was sick, therefore I did not come" bado ina upungufu. Andika "I was sick. Therefore, I did not come." Sijui kwa nini hili halisemwi kwa sauti zaidi manake barua za ofisi zimejaa "therefore" iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Ndani ya changamano kuna mitego mitatu minne inayotokana na vitenzi vyetu kubeba mambo mengi. Wa kwanza ni wakati ujao. "Atakapokuja nitamwambia", pande zote mbili kuna -ta-, basi mtu anaandika "When he will come, I will tell him". Wao baada ya "when", "if", "until", "before" za namna hii hawaweki "will", ni "When he comes, I will tell him". Wa pili ni -nge-. "Ningejua nisingekuja", -nge- huku na -nge- kule, twaandika "If I would have known, I would not have come". Kuna Wamarekani wanaoongea hivyo lakini kwenye mtihani na ofisini yatakiwa "If I had known, I would not have come", upande wa "if" hauchukui "would".

Wa tatu nataka tukae nao kidogo. "Mtu niliyemuona." Angalia hicho kitenzi, mna -ye- inayorejea kwa mtu, na mna -mu- inayorejea kwa mtu huyohuyo tena. Mara mbili, na ndivyo tusemavyo. Ndo maana twaandika "the man who I saw him" na "the house that I live in it". Kwa Kingereza ukishaweka "who" au "that", ule mwanya wa mtendwa unaachwa mtupu: "the man who I saw", "the house that I live in". Jaribu kuisema kwa sauti, mwanzoni utahisi kama sentensi imekatwa mkia. Haijakatwa.

Hapohapo kwa "who" kuna koma yenye maneno. "My brother who lives in Kilifi is a fisherman" yanipa picha kwamba una ndugu zaidi ya mmoja na wamtaja huyu wa Kilifi. "My brother, who lives in Kilifi, is a fisherman" yasema ndugu ni mmoja, na hilo la Kilifi umeliongeza tu kama habari. Koma mbili zimebadilisha idadi ya watoto wa mamako. Hii ndo ya kuangalia sana kwenye fomu za urithi na mikataba, si ya kudharau.

Mtego mwingine ni maswali yaliyomezwa. "Yuko wapi?" na "sijui yuko wapi", kwetu hakijahama kitu. Kwa Kingereza swali lenyewe hugeuza, "Where is he?", lakini likimezwa ndani ya sentensi nyingine hurudi mpangilio wa kawaida, "I don't know where he is". Si "where is he". Na "Where does he live?" ikimezwa ile "does" yaondoka kabisa, "Tell me where he lives". Hii "do" nayo ina vituko vyake, zama za Shakespeare, mwanzo wa miaka ya 1600, mtu bado aliweza kuuliza "Speak you English?" akaeleweka bila "do" yoyote, baadaye ndo ikawa lazima.

Kuna pia kiungo kisichoonekana. "I know he is here", vitenzi viwili, kiungo kiko wapi? Ni "that" imemezwa, wao huruhusu. "The bus I took was full" vivyo hivyo. Kwa hivyo ukihesabu ukaona kimepungua kimoja kwenye sentensi ya mtu anayejua, jaribu kurudisha "that", ikikaa vizuri hesabu imetimia.

Tuifanyie kazi barua. Huu ni mfano wa zile zinazopita kila siku mikononi mwa wenye saiba, kijana ataka kazi ya jikoni hotelini:

"I am a Form Four leaver from Likoni I finished in 2019 although I have no certificate but I have worked in a hotel where I was cooking there and I can speak three languages therefore I request you to give me a chance."

Hesabu vitenzi vyenye wakati: am, finished, have, have worked, was cooking, can speak, request. Saba. Kama yote hii ni sentensi moja yataka viungo sita. Vilivyopo ni although, but, where, and. Vinne, na "therefore" tumeshasema si kiungo. Kati ya "Likoni" na "I finished" hakuna kitu kabisa, vishazi vimegongana. Halafu "although" imekaa katikati, msomaji hajui yaangalia nyuma kwenye 2019 au mbele kwenye kazi ya hoteli, na "but" imekuja kuongeza fujo. "Where I was cooking there", ile "there" ni -mu- yetu imerudi kwa jina lingine. Na swali la maana zaidi la kumuuliza kijana si la grama: mdogo wangu, sitifiketi gani huna? Manake ya Form Four unayo. Atakwambia ya upishi. Basi iandikwe.

"I come from Likoni, and I finished Form Four in 2019. Although I have no certificate in cooking, I have worked in a hotel where I cooked breakfast for the guests. I also speak three languages. I would be grateful if you gave me a chance."

Ya kwanza vitenzi viwili kiungo kimoja. Ya pili vitenzi vitatu, viungo viwili. Ya tatu kimoja, hakuna kiungo. Ya nne viwili kwa kimoja. Mambo aliyotaka kusema ni yaleyale, na ile sentensi fupi ya lugha tatu sasa inasikika, kabla ilikuwa imezibwa na wenzake. Kuna watu huamini sentensi fupi ni ya kitoto na msomi ni yule anayekupeleka mistari sita bila kupumua. Kwa barua ya kazi mimi naona kinyume, anayesoma ana rundo mbele yake na hana subira.

Wenye mtihani mtaniuliza kuhusu zile za kugeuza, karatasi ya pili ya Kingereza ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, pale mnapoambiwa andika upya ukianza na "Not only" au "No sooner". Kanuni yake ni moja: neno la kukanusha likitangulia mbele ya sentensi namna hii, linaisukuma igeuke kama swali. "She not only cooks but also sews" inakuwa "Not only does she cook, but she also sews". "I had never seen such a crowd" inakuwa "Never had I seen such a crowd". "No sooner had we sat down than it started to rain", na hapa ni "than", si "when". "When" ni ya "hardly": "Hardly had we sat down when it started to rain". Anayekosa alama hapa mara nyingi amesahau kugeuza, ama amegeuza vishazi vyote viwili wakati anayegeuka ni yule mwenye kukanusha peke yake.

Na kama wadhani wao wenyewe hawapotei, kuna sentensi moja mashuhuri aliyoitoa mwanasaikolojia wa lugha Thomas Bever mwaka 1970: "The horse raced past the barn fell." Waingereza na Wamarekani wakiisoma mara ya kwanza wengi huapa imekosewa. Fanya hesabu yetu. "Raced" yaonekana ni kitenzi cha jana, "fell" nayo ni kitenzi cha jana, kiungo hakuna. Basi ama sentensi ni mbovu ama mmoja wa hao wawili si kitenzi chenye wakati. "Fell" haina namna nyingine, ni ya jana tu. Kwa hivyo ni "raced" inayotudanganya, si "alikimbia", ni "aliyekimbizwa", na "that was" yake imemezwa: "The horse that was raced past the barn fell." Kwa Kiswahili mtego huu haushiki hata kidogo, "farasi aliyekimbizwa kando ya ghala alianguka", -ye- imeshasema, -w- ya kutendwa imeshasema. Na kwa Kingereza chenyewe badilisha tu "raced" uweke "ridden", "The horse ridden past the barn fell", kila mtu ataisoma bila kujikwaa, sababu "ridden" haiwezi kusimama peke yake kama kitenzi cha jana. Cha jana ni "rode".